Wolczak Mbele, Trask Mbele

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimeamka nimechoka. Wolczak anaongoza kwa asilimia tano. Hivyo ndivyo inavyosema kura ya maoni ya Chuo cha Mtakatifu Odilo. Kabla kahawa haijapoa, kampuni ya Huron Ridge ikasema Trask ndiye anayeongoza, kwa asilimia nne. Wakati wa mayai, gazeti la jiji likasema wako sawa kabisa. Jimbo hili hili moja la Wisconsin, wapiga kura walewale, wiki ileile. Madaktari watatu wakikupima, mmoja akasema una mimba, wa pili akasema umeshakufa, wa tatu akasema yote mawili yamo ndani ya kiwango cha makosa, utawapeleka mahakamani. Hawa wa kura za maoni wanapelekwa kwenye televisheni.

Seneta Trask amekalia kiti miaka kumi na miwili. Matangazo yake yana ng'ombe. Marcy Wolczak anataka kumng'oa. Matangazo yake yana ng'ombe pia. Kila jioni nawaona mara nyingi kiasi kwamba nawajua ng'ombe kuliko wagombea.

Mchana Bi. Dombeck, mhariri wetu pale Mwangwi wa Lund Ridge, katuita ofisini, mimi na Arlo Ketterhagen. Gazeti linapunguzwa kurasa. Nafasi ya safu mbili haipo tena, itabaki moja. Yangu inaitwa "Nyundo". Miaka kumi na tisa nimewagonga nayo mameya, mizunguko ya barabarani na mashine za kupuliza majani. Ya Ketterhagen inaitwa "Ndoana", na inahusu samaki. Bi. Dombeck akasema hatachagua yeye, mji wenyewe mdogo na sote watatu tunasali kanisa moja. Basi tutabiri. Katika toleo la mwisho kabla ya uchaguzi, Alhamisi ya tarehe 29, kila mmoja amtaje atakayeshinda useneta. Atakayepatia abaki na safu. Na tusithubutu sote wawili kumtaja mtu yuleyule, akasema, la sivyo atatufuta wote na kuweka mapishi ya kabichi.

Ketterhagen akacheka. Akasema yeye hana taabu, kwake ni Trask, labda profesa apewe muda akasome vitabu vyake. Profesa ni mimi. Nikamwambia aendelee kuwahoji samaki.

Bila "Nyundo" mimi ni nani? Mwanamume wa miaka hamsini na tatu anayeikemea televisheni sebuleni.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimepata njia. Unajumlisha, unagawanya. Tano za Wolczak, toa nne za Trask, ongeza sifuri, gawa kwa tatu. Wolczak anaongoza kwa theluthi moja ya asilimia. Corinne, mke wangu, akauliza theluthi ya asilimia ni watu wangapi. Nikamwambia ni mwelekeo. Akasema aa.

Mchana ikatoka kura ya nne: Trask kwa moja. Nikagawa upya. Sifuri.

Nimeikataa kura ya nne. Waliwapigia watu wenye simu za mezani, yaani marehemu na mama mkwe wangu. Corinne akauliza mbona sijaikataa ile ya Mtakatifu Odilo, iliyowahoji watu kwa kompyuta huku wakisubiri kushindania pakiti ya jibini. Nikamweleza ile ni ya kisayansi. Akasema mwamba ngoma huvutia kwake, akaenda kulala. Mwanamke anapokea wagonjwa zahanati mchana kutwa, anajiona amesomea kila ugonjwa.

Kwa hiyo ni Wolczak.

Alhamisi, 22 Oktoba

Simu imelia tena wakati wa chakula. Mara ya nane wiki hii, kama si ya tisa. Kampuni ya Brandvold, kura ya maoni, tafadhali dakika chache tu. Mama mwenye sauti ya kuchoka kuliko mimi. Viazi vyangu vinapoa.

Sijui ni shetani gani. Aliponiuliza umri nikasema ishirini na mbili. Kazi? Nakamua ng'ombe, kaskazini mwa jimbo. Akanyamaza. Nikadhani amenigundua, maana sauti yangu ni ya pipa. Kumbe alikuwa anashukuru Mungu. Akasema, "Mwanangu, tumekutafuta wiki mbili. Vijana wa mashambani hawapokei simu kabisa." Mimi nikakohoa kama kijana. Akauliza Wolczak au Trask. Nikasema Wolczak. Alimtaja kwanza, na viazi vilikuwa vinazidi kupoa.

Akaniuliza pia kama nina matumaini kuhusu maisha ya baadaye. Nikasema nina mengi. Hapo ndipo Corinne alipopaliwa na maji.

Nimejisikia vizuri jioni nzima. Mtu mmoja dhidi ya wahuni wa takwimu. Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema. Lakini kinaweza kumsumbua.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimeamua kufanya utafiti wangu mwenyewe. Kwa nini niwategemee wageni? Ijumaa jioni mji wote uko ukumbi wa maveterani wa vita ukila samaki wa kukaanga, mkate mweusi na saladi ya kabichi. Kabichi, hata huko. Nikaingia na daftari. Meza kwa meza.

Nilijali sana uungwana. Huwezi kumvamia mtu na samaki mdomoni ukamuuliza utampa nani kura. Kwa hiyo niliuliza kwa upole: nadhani na wewe umeona Wolczak ni mwanamke wa maana, sivyo? Na wakajibu. Ni kweli, bwana Stroebel. Ana maana yule mama. Hapana ubishi. Mzee Ostby, aliyefundisha nusu ya mji kuendesha gari, akaweka uma chini kabisa akasema Wolczak ana moyo mwema, unaonekana usoni. Mjane Pfaff akasema hata marehemu mumewe angempenda, akanisogezea bakuli la mchuzi wa limau.

Watu sitini na watano. Sitini na mmoja wa Wolczak. Wanne hawakusikia swali.

Nimekula sahani mbili kwa furaha. Hakuna kampuni duniani iliyowahi kupata asilimia tisini na nne.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimekutana na Ketterhagen duka la vifaa, kwenye rafu ya reki. Anatabasamu. Akasema profesa, nikupe siri, jana usiku nilizunguka ukumbi wa maveterani nikauliza watu. Trask, hamsini na wanane kati ya sitini na watano.

Nikamwambia ni uongo. Akatoa karatasi yake, nikatoa daftari langu. Watu ni walewale. Mzee Ostby alimwambia kwamba Trask ana mkono imara, unaonekana usoni. Mjane Pfaff alimwambia marehemu mumewe alikuwa mtu wa Trask toka zamani. Bakuli la mchuzi wa limau naye alisogezewa.

Nikamuuliza aliwaulizaje. Akasema kwa upole tu: Trask bado anafaa, au siyo?

Kwetu hapa mtu hakatai. Ukimwambia hali ya hewa ni nzuri atakuambia ni nzuri, huku mvua inamwingia shingoni. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini samaki wa Ijumaa nilidhani ni mahali patakatifu.

Nikaenda nyumbani kwa mzee Ostby nimalize ubishi. Nikamkuta anasafisha mifereji ya paa. Nikamuuliza bila kuzunguka, mzee, nani hasa? Akasema mifereji ya mwaka huu ina majani mengi. Nikauliza tena. Akasema maboga yamezaa mpaka hajui ayapeleke wapi. Nimerudi na maboga matatu na sina jibu.

Corinne akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia kosa si la utafiti wangu. Kosa ni la Ketterhagen, aliyeuliza swali lenye upendeleo.

Jumatatu, 26 Oktoba

Wolczak mbele kwa sita! Brandvold wametoa matokeo. Sita. Na sababu wameieleza wazi: vijana wa mashambani, kaskazini mwa jimbo, wamemkimbilia Wolczak. Wote. Asilimia mia moja. Televisheni nzima inazungumza juu yao. Mtaalamu mmoja mwenye tai alisema hawa ni kizazi kilichokata tamaa na siasa za zamani lakini chenye matumaini makubwa na maisha ya baadaye.

Nimekaa nikaandika kwa pumzi moja. Kichwa cha habari: Mapinduzi ya Zizini. Nimemwonyesha kijana wa kaskazini akiamka kabla ya jogoo, mikono yake ikinuka maziwa, akiwatazama wakubwa wa jimbo kule Madison na wa Washington na kusema basi, yatosha. Sijawahi kuandika vizuri hivi tangu safu ya mashine za majani. Nilimwelewa yule kijana. Sijui kwa nini, nilihisi namjua kabisa.

Nimempelekea Bi. Dombeck. Akasema ina moto.

Jumatano, 28 Oktoba

Siku mbaya.

Asubuhi Corinne alikuwa anasoma ripoti ya Brandvold, ile ndefu, ambayo mimi niliishia ukurasa wa kwanza kwa sababu ndiko kwenye hoja. Akauliza hawa vijana wa kaskazini wako wangapi. Nikamwambia ni maelfu, ni kizazi. Akasema hapana, waliohojiwa. Akaweka kidole chini kabisa ya jedwali, kwenye maandishi ya ukubwa wa sisimizi. Idadi ya waliohojiwa: mmoja.

Akasema, "Leland wewe, huyu mtu mmoja nadhani jana nimelala naye."

Nikakaa. Akanisomea maelezo polepole, kama anavyowasomea wagonjwa masharti ya dawa. Kwa kuwa vijana wa mashambani hawapokei simu, yeyote atakayepokea huhesabiwa kwa niaba ya wenzake wote. Mimi peke yangu nilibeba kaskazini nzima. Mapinduzi ya Zizini yalikuwa mimi, na sahani ya viazi.

Nikauliza kama kuna haja ya mtu mwingine kujua. Akasema watu hawana haja, ila mimi safu yangu nzima nimeiweka juu ya ng'ombe ambaye hayupo. Kisha akaenda kazini. Hivyo ndivyo anavyoshinda mabishano, anaondoka.

Nikafanya hesabu. Nikijitoa kwenye matokeo ya Brandvold, sita za Wolczak zinayeyuka. Nikijitoa kwa hasira, kama nilivyofanya, anakwenda chini ya sifuri. Ongeza zile simu za mezani nilizozikataa kwa pupa. Ukweli ukajitokeza: Trask. Nilikuwa nimejidanganya mwenyewe, na mimi si mtu wa kudanganywa na mtu yeyote.

Kurasa zinakwenda mtamboni saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja nilikuwa mezani kwa Bi. Dombeck, nimebeba safu mpya. Kichwa: Mkono Imara. Akasoma, akavua miwani. Akasema Ketterhagen tayari yuko kwa Trask, alikwishaleta tangu jana. Akafungua droo akatoa mapishi ya kabichi. Yalikuwa na picha.

Nikamwomba ampigie Ketterhagen. Nilikuwa nimeandaa hoja tatu, moja ikiwa na nukuu ya Kilatini. Ketterhagen alikuwa ua wa nyuma anafunika boti lake kwa ajili ya baridi. Bi. Dombeck akamweleza. Nikamsikia kwenye spika akisema eh, basi, kama profesa anamtaka Trask amchukue tu, mimi nitabeba yule mama. Sina neno.

Nikasema kwa uungwana, hapana bwana, wewe ulitangulia. Akasema la, chukua wewe. Nikasema hata kidogo. Akasema kweli kabisa, chukua. Kwetu kipande cha mwisho cha keki hukauka sahanini, kila mtu akimwachia mwenzake. Ketterhagen kaacha kipande. Nikakila kabla hajamaliza sentensi.

Masikini, hajui kusoma takwimu. Aliandika aya nne juu ya Wolczak kwa simu, na mbili zilihusu sangara.

Alhamisi, 29 Oktoba

Gazeti limetoka. "Nyundo" kwa Trask, "Ndoana" kwa Wolczak. Posta, mjane Pfaff akaniambia safu yangu ni tofauti. Watu wa kwingine wataona amenisifu. Hapa, mtu akitaka kukusifu husema si mbaya. Akisema tofauti, ni heri angekupiga kofi.

Kura mbili mpya leo. Moja: Wolczak kwa mbili. Nyingine: Trask kwa tatu. Ile ya Trask nimeibandika kwenye friji. Ile nyingine ina kasoro ninazoendelea kuzitafuta.

Jumamosi, 31 Oktoba

Ni ule usiku wa mavazi ya kutisha, na watoto wa mtaa wamekuja kuomba peremende. Mmoja alikuwa mzimu, mmoja zimwi, mmoja amevaa koti na tai. Nikamuuliza yeye ni nani. Akasema ni mtu wa kura za maoni. Baba yake, aliyesimama nyuma yake kwenye ngazi, akasema samahani, ndicho kinachomtisha zaidi kwenye televisheni. Nikampa peremende mbili. Nikafunga mlango nikazima taa ya nje. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Jumanne, 3 Novemba

Nimepiga kura kituo cha zimamoto. Foleni fupi, magari mekundu yamesogezwa nje, harufu ya kahawa na mipira ya maji. Mzee Ostby ndiye aliyenipa karatasi. Akasema siku si mbaya. Nikasema si mbaya.

Ndani ya kibanda kalamu ikasimama. Majina mawili. Nimesoma kura za maoni kumi na saba juu ya watu hawa. Najua wanapendwa na nani, wanaume, wanawake, wenye digrii, wasio nazo, wenye bunduki, wenye paka. Nikagundua kwamba toka mwezi uanze sijajiuliza hata mara moja nani kati yao anafaa. Shule ya mjukuu wangu, bei ya maziwa, zahanati ya Corinne ambayo kila mwaka inatishiwa kufungwa. Sijui walisema nini juu ya hayo. Nilikuwa nawakodolea macho ng'ombe.

Hilo lilinisumbua kwa muda. Kisha mtu wa nyuma akakohoa, kikohozi cha heshima, nami nikajaza duara la Trask. Sikumpigia Trask. Nilipigia safu.

Corinne hakutaka kuniambia alimpa nani. Akasema mimi ni mtafiti, nikatafiti.

Jumatano, 4 Novemba

Wolczak. Kwa kura elfu moja na mia na kitu, jimbo zima. Watu hao hawaujazi hata uwanja wa shule yetu siku ya mechi.

Kama ningejiacha ndani ya hesabu ningepatia. Mkamuaji wangu alikuwa sahihi. Kijana wa miaka ishirini na mbili, hana hata digrii, aliona nilichokuja kukikana mimi mwenye vitabu chumba kizima.

Bi. Dombeck alipiga simu saa tatu. Alikuwa mpole, jambo linaloumiza zaidi. Akasema makubaliano ni makubaliano.

Halafu akapiga Ketterhagen mwenyewe. Nilitegemea kejeli, nilikuwa nimezitayarishia majibu. Hakuleta. Akasema profesa, unajua, mimi sikumchagua yule mama, ulinigawia wewe. Safu ni yako kwa haki. Mimi nina boti. Ichukue tu.

Moyo ukaruka. Lakini huwezi kupokea kitu mara ya kwanza kinapotolewa, si katika mji huu, mama yangu angefufuka. Nikasema kama inavyopasa: hapana bwana, umeshinda, ni yako. Kisha nikangoja aseme mara ya pili.

Akasema, "Haya basi," akakata simu.

Nimekaa karibu na simu mpaka chakula cha mchana. Corinne alirudi akanikuta hapo. Alinitazama, akaniwekea mkono begani. Baadaye akauliza kama nitakula boga.

Ijumaa, 6 Novemba

Bi. Dombeck amenipa kazi nyingine kwa huruma. Matangazo ya vifo. Nimekubali. Nimeyafikiria usiku mzima na naona si ya kudharauliwa. Ni ukurasa unaosomwa na watu wote, wa Trask na wa Wolczak. Hakuna anayekuandikia barua ya kukupinga. Na matokeo yakikufikia mezani yameshathibitishwa, hayana kiwango cha makosa.

Corinne amefurahi. Akasema labda sasa nitapumzika. Akasema safu ilikuwa inanila. Huenda. Asubuhi nimeandika tangazo langu la kwanza, la marehemu aliyekuwa akitengeneza saa, na nimeliandika kwa upole ambao sikujua ninao. Nimehisi kama mtu aliyetua mzigo.

Mchana nikafungua televisheni kutazama hali ya hewa tu. Kura ya kwanza ya maoni ya uchaguzi wa gavana, miaka miwili ijayo, imetoka. Wagombea wenyewe bado hawajajitangaza. Lakini mmoja anaongoza kwa saba. Nimeipekua ripoti yote, safari hii mpaka maandishi ya sisimizi. Waliohojiwa ni wengi. Maswali ni safi. Saba si theluthi, saba ni ukuta.

Nimempigia Ketterhagen. Nimemwambia tuweke dau tena: safu yake kwa matangazo yangu ya vifo, atakayekosa atoke gazetini kabisa. Akafikiri kidogo. Akasema hana neno, profesa achague kwanza.

Nimeshachagua.